Mfungo wa Chiriku

Waliosema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye hawakuwa wapenda vilio vya watoto. Walijua tu kwamba chozi la mtoto hukauka upesi, na mtu mzima anayelikimbia hujiwekea akiba ya machozi yake mwenyewe. Fundi cherehani mmoja aliusikia usemi huo tangu utotoni, akaukariri, akawaambia na wengine. Kuufuata ndiko kulikomshinda.

Fundi huyo hakujaliwa mtoto. Kanisa lake lilipoomba watu wazima wajitolee kuwalea vijana, kila mlezi na kijana wake, alikuwa wa kwanza kusimama. Alikabidhiwa binti wa sekondari, msemaji hodari ambaye wenzake walimwita Chiriku. Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, Chiriku alikuja kibandani kwa fundi, akakalia robota la vitambaa, akapiga domo mpaka kazi ya watu ikalala. Siku alipomwita fundi "mama mdogo", fundi aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta sindano, kumbe anafuta macho.

Mama mzazi wa Chiriku, mpishi wa shule, alikuwa amemweleza mapema.

"Dada, mwanangu ana kisukari. Bila dawa yake ya sindano na chakula kwa wakati, hana maisha. Siku hizi ananificha mambo. Ukiona anakwepa, niambie. Akilia, mwache alie."

"Usijali, dada. Huyu ni wangu pia," fundi alijibu, na hakuwa anatania.

Likizo ilipofika, vijana walitangaziwa mfungo wa siku tatu, walale ukumbini mwa kanisa, waombe, wanywe maji tu. Utaratibu wa kanisa ulikuwa kwamba mlezi ndiye anayemsemea kijana wake. Mlezi akisema hawezi, hafungi. Chiriku alikwenda kibandani mbio, macho yamejaa maji.

"Mama mdogo, wenzangu wote wanafunga. Kila mwaka mimi ndiye mgonjwa wa kuonewa huruma. Nimechoka! Sema naweza. Mama nimeshamwambia nitapikiwa uji."

"Na sindano je?"

"Nitachoma. Haki ya Mungu."

Fundi alifungua kinywa akatae. Binti akaangua kilio, kile cha kwikwi kinachotikisa mabega, na maneno ya fundi yakayeyuka mdomoni. Jumapili mchungaji alipomuuliza, alijibu, "Anaweza." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Siku ya kwanza alimpelekea uji kwenye chupa ya chai. Chiriku alitazama wenzake, akatikisa kichwa. Fundi alirudi na chupa imejaa kama alivyoondoka nayo.

Siku ya pili alimkuta amejilaza kwenye mkeka ukutani, midomo imekauka, anahema kama aliyepanda mlima. Alikuwa ametapika asubuhi.

"Sindano umechoma?"

"Asiyekula huchoma ya nini? Mungu ataniponya, mama mdogo. Ni njaa tu."

Fundi alitoa simu. Jina la mpishi lilikuwa tayari kwenye kioo. Chiriku akamshika mkono, machozi yakimtiririka.

"Ukimwambia mama, basi. Sitakanyaga tena kwako. Na mama mdogo sitakuita."

Hapo ndipo fundi alipopima, na mizani ikamdanganya. Aliona kibanda kimya, robota halina mtu. Hakuona kingine. Alirudisha simu mkobani, akampangusa binti uso, akamwambia apumzike.

Kesho yake vijana walijaribu kumwamsha kwa sala ya asubuhi, hakuamka. Walimbeba mpaka hospitali. Madaktari walihangaika naye kutwa nzima, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Jua lilipokuwa likielekea kutua, Chiriku alikata roho.

Mpishi alimkuta fundi kwenye ubao wa kukalia, nje ya wodi. Hakupiga kelele.

"Ulijua hachomi?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kukupigia, dada. Alikuwa analia."

"Alikuwa analia," mpishi alirudia polepole, kama anayejifunza lugha ngeni. "Kwani umeshaona mtoto aliyekufa kwa kulia?"

Siku ya mazishi kwaya iliimba na pengo la sauti moja. Watu walimzunguka mpishi, wakamshika huku na huku asianguke. Fundi alisimama nyuma yao, peke yake, akilia kilio cha kwikwi kinachotikisa mabega, na hakuna aliyegeuka kumnyamazisha. Siku ile angempigia mpishi, binti angenuna wiki, pengine mwezi, kisha angerudi na maneno yake. Yeye atalia maisha yake yote, kwani mchelea mwana kulia hulia yeye.