Kiongozi Aliyesema Hajui Njia

Hii nimetumiwa asubuhi, nikaona nisikae nayo peke yangu.

Katika milima ya Usambara aliishi mama mmoja, Mama Kilua, aliyefuga lama. Hao ni wanyama wa kubeba mizigo, mfano wa ngamia mdogo asiye na nundu, wenye manyoya mazito. Wageni walikuja kutembea msituni, lama wakiwabebea mahema na vyakula, na mbele yao akitangulia kiongozi.

Kiongozi mmojawapo aliitwa Shekalaghe. Siku moja alikuwa na kundi la wageni kutoka mjini. Mchana ukungu ukashuka, mzito, hata mti wa jirani ukawa hauonekani. Shekalaghe akasimama.

"Samahanini," akasema. "Sijui tulipo. Tukae hapa mpaka ukungu uondoke."

Mgeni mmoja, Bwana Kisamo, akawaka. "Hujui? Sasa tumekulipa kwa kazi gani?"

"Kuwarudisha nyumbani, mzee."

"Basi waache lama watangulie. Wanyama wanajua njia."

"Hawa wanafuata majani, mzee. Njia hawana habari nayo."

Wakakaa. Baridi ilikuwa kali, wageni wakajibanza kwenye mbavu za lama kutafuta joto. Wengine walinung'unika. Kisamo alitukana waziwazi. Shekalaghe alijua lalamiko moja tu lingetosha kumfukuzisha kazi, na nyumbani kulikuwa na watoto wanaomtegemea. Hata hivyo hakuinuka.

Jioni ukungu ukafunguka. Wageni wakatazama, wasiamini macho yao. Kambi waliyokuwa wakiiendea ilikuwa pale pale, ng'ambo ya kijito. Vibanda vikavu, kuni zimepangwa mlangoni. Walikuwa wametetemeka mchana kutwa karibu na vitanda vyao.

Walicheka hadi machozi yakawatoka. Shekalaghe naye alicheka kidogo, kisha akainama kufungua mizigo.

Waliporudi kwa Mama Kilua, Kisamo alisimulia yote mbele za watu. Mama Kilua akamgeukia kiongozi wake.

"Ni kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi nipe hiyo kamba ya lama. Nitatafuta mwingine."

Shekalaghe akamkabidhi kamba. Hapo Kisamo akainua mkono.

"Ngoja kwanza, mama. Mwezi ujao binti yangu anakuja huku na wanafunzi wenzake. Nataka huyu ndiye awaongoze."

Mama Kilua akashangaa. "Huyu huyu uliyemtukana?"

"Nilitukana kwa ajili ya baridi. Lakini usiku nimewaza. Nimetembea na viongozi wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hajui njia. Sasa najiuliza ni mara ngapi walikuwa hawajui, nami nawafuata tu."

Mama Kilua akamrudishia Shekalaghe kamba yake.

Funzo: Mtu anayethubutu kusema "sijui" anaweza kukuchelewesha na hata kukuudhi, lakini huyo ndiye wa kumkabidhi mwanao.