Firauni Aliyeogopa Jiwe

Palikuwa na Firauni huko Misri, jina lake Userka, mwenye askari wasiohesabika na simba wawili wa kufuga, naye aliogopa jiwe. Kwa nini, sijui. Nimeligeuzageuza swali hilo miaka mingi. Pengine hata mwenyewe hakujua.

Jiwe lenyewe lilikuwa sanamu ya Malkia Nebetia, aliyetawala kabla yake. Zamani sanamu zote za Misri zilikuwa na uso mmoja, laini kama yai. Malkia huyo ndiye aliyewaambia mafundi: "Nichongeni na makunyanzi yangu. Nimeyatolea jasho." Alipokufa, Userka alizivunja sanamu zake, akabakiza moja, kubwa, ya ukumbini. Hiyo aliitaka iwe yake.

Akaitwa aliyeichonga, mzee Senbi, mwana wa mpika pombe.

"Futa uso huo, uweke wangu. Siku tatu. Ukishindwa, nakukata mikono."

Senbi akaitazama mikono yake, kisha akamtazama malkia. Wamisri waliamini roho ya marehemu hurudi kupumzika katika sanamu yake. Hii ikifutwa, mama wa watu angerudi wapi?

"Nimesikia, Mtukufu. Ila tindo hupunguza jiwe, kuongeza haiwezekani. Na pua yako, miungu iibariki, inaizidi yake."

"Basi ichonge ndogo!"

"Na kidevu?"

"Kidogo!"

"Na kichwa?"

Firauni akakipapasa kichwa chake.

"Utaenea ndani yake mzima mzima, Mtukufu, na nafasi ya kujigeuza itabaki."

Wazee wa baraza wakashikwa na kikohozi.

"Unanitukana, we mzee?"

"Hasha! Nakuonea huruma. Watu wataona mwanamume ametoka ndani ya mwanamke. Huyo kwetu huitwa mwanawe. Na mwana mwema humpelekea marehemu mama yake mkate na bia kila asubuhi, akapiga magoti."

"Nitaivunja!"

"Vunja. Zile za kwanza watu waliokota vipande. Leo kila jiko lina malkia wake."

Firauni akafikiri mpaka simba wakasinzia. Ikaamuliwa: sanamu ibaki, ila ifunikwe shuka. Nani aifunike? Askari wakatazamana, hakusogea mtu. Basi Firauni akapanda ngazi mwenyewe, shuka begani. Senbi akamshikia ngazi.

"Vuta kushoto kidogo, Mtukufu," akasema. "Mama bado anakuchungulia."