Bi Kanga na Duka la Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliokula kiporo kilichopoa. Hebu tena. Paukwa!

Pakaaawa!

Hapo sawa. Wa mbele sogeeni, wa nyuma msisinzie. Hadithi imefika mlangoni, inabisha hodi.

Hapo zamani za kale, Kanga alipokuwa mweusi tititi, hana doa hata moja, palikuwa na mtaa wa wanyama ulioitwa Njia Panda. Penye njia panda yenyewe palikuwa na genge, na mwenye genge alikuwa Bi Kanga. Aliuza chumvi, kunde, mtama na dagaa. Alipima kwa kibaba, na kila kibaba kilipojaa aliongeza kidogo juu. Hicho kidogo ndicho nyongeza, na hakuna mteja wa Njia Panda aliyeondoka bila nyongeza yake. Kila asubuhi, umande haujakauka, Bi Kanga alikuwa akiimba:

Njooni, jirani, kibaba kinajaa,
Na nyongeza juu, msilale na njaa!

Wanyama wakamsifu. "Bi Kanga ana mkono mzuri!" "Bi Kanga hana mfano!" Haya, na nyinyi mnajua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Genge lilikuwa moja tu mtaa mzima. Bi Kanga akalijua hilo, na kichwa kikaanza kuvimba. Akawa anafungua jua limeshapanda, na wimbo akauacha.

Siku moja akaja Mama Bata. "Shoga, nipimie kunde, na nyongeza usinisahau. Watoto wangu unawajua."

Bi Kanga akasema, "Nyongeza imekwisha. Kama hutaki, acha!"

Mama Bata angeacha aende wapi? Akanunua, akaondoka akitikisa mkia.

Siku ya pili akaja Ngiri, mwenyekiti wa mtaa. "Bi Kanga, dagaa hawa mbona wana mchanga?"

"Na hiyo pua yako ina udongo mwaka mzima, nani amekuuliza? Kama hutaki, acha!"

Ngiri akajipangusa pua, akanunua dagaa na mchanga wao.

Siku ya tatu akaja Mzee Kobe. Maskini Kobe alikuwa ameondoka kwake alfajiri, na alipofika Bi Kanga alikuwa anakunja mkeka. "Mwanangu," akasema Kobe akihema, "chumvi kidogo tu. Mboga yangu iko motoni."

"Mzee, ukitaka chumvi leo uwe unaondoka jana. Nimefunga. Kama hutaki, acha!"

Kobe akageuka. Mpaka akamaliza kugeuka, Bi Kanga ameshalala. Na mpaka akafika kwake, moto umezimika na mboga imechacha. Akaila hivyo hivyo, bila chumvi.

Basi, mambo yakawa hivyo, hata siku moja akaingia mgeni. Alikuwa Kenge, mjumbe wa Kiboko wa mto mkubwa. Ngiri akawaita wanyama wote barazani.

"Ndugu zangu," akasema Kenge, na ulimi unatoka unaingia, "Kiboko ana maduka makubwa saba, na la nane anataka kuwaletea nyinyi. Duka lenye kivuli ndani, jua lisiwaguse. Duka lenye kila kitu, kuanzia chumvi mpaka kitanda. Duka linalofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku."

Wee! Baraza likachemka. Kima akaruka huku na huku akiuliza kama ndizi zitakuwa zimeshamenywa. Nungunungu akataka kujua mlango una upana gani, maana yeye na milango hawajawahi kupatana. Ndipo Mama Bata akauliza, "Na litajengwa wapi?"

"Hapo penye njia panda," akasema Kenge. "Hilo genge tutaliondoa."

Moyo wa Bi Kanga ukalia paa! Alikuwa na vifaranga kumi na mmoja, wote midomo wazi, na wote walilishwa na genge lile. Angewapeleka wapi?

Ngiri akasema, "Tupeni siku tatu. Siku ya nne tutakutana hapa. Wanaotaka duka watasimama upande wa mwamba, wasiotaka upande wa kisima." Na Kenge, kwa kuwa mjanja, akajenga banda dogo kando ya kijito, ili watu waonje mambo ya Kiboko kabla ya kuamua.

Siku ya kwanza Bi Kanga akazunguka akiwatisha majirani. "Kiboko atakunywa kisima chenu chote! Atakanyaga watoto wenu!"

Wakamjibu, "Shoga, kama hutaki, acha!"

Siku ya pili akapita nyumba kwa nyumba akilia machozi. "Mnanitupa mimi, niliyewalisha?"

Wakamjibu, "Pole, shoga. Lakini kama hutaki, acha!"

Maneno yake mwenyewe hayo, yanamrudia. Yalimchoma kweli kweli.

Siku ya tatu akasema moyoni, "Nitakwenda kwenye banda lile, nilione kwa macho yangu." Lakini aibu nayo! Jirani wakimwona atasemaje? Akachukua unga wa muhogo, akajipaka kichwa mpaka mkia, akawa mweupe pee. Akajitazama kwenye maji, akaona kuku mzuri kabisa kutoka mtaa wa mbali. Akajipongeza.

Bandani akakuta wanyama wamepanga foleni. Na jamani, banda lilipendeza! Chini pamefagiliwa, kunde zimechambuliwa, dagaa hawana hata chembe ya mchanga. Bi Kanga akameza mate. Ikafika zamu yake. Kenge akajaza kibaba cha kunde, akachukua kijiti, akakwangua juu, kunde zikawa sawasawa na mdomo wa kibaba. Kisha akamsukumia. "Anayefuata!"

Bi Kanga akasahau yeye ni nani na kwamba amejificha. Kinywa kikasema chenyewe:

"Na nyongeza je?"

Foleni nzima ikageuka.

"Nyongeza ndiyo nini?" akauliza Kenge. Hakuwa anatania, hakulijua jambo lile. "Kwa Kiboko kipimo ni kipimo. Anayefuata!"

Wanyama wakatazamana. Hata kidogo cha mtoto? Hata ya kuonja? Kima akachungulia kifurushi chake, akaona nacho hakina nyongeza. Lakini Mama Bata hakumtazama Kenge. Alikuwa anamtazama yule kuku mweupe.

"Sauti hii naijua," akasema. "Bi Kanga! Wewe ndiye unayedai nyongeza? Sisi ya kwako tumeionja lini mara ya mwisho?"

Kicheko kikapasuka. Bi Kanga akatamani ardhi ipasuke naye aingie. Jasho likamtoka mwili mzima, matone kwa matone, na kila tone likakusanya unga wake. Akakimbia mbio mpaka kijitoni, akajisugua, akajisugua, akajisugua. Unga mwingine ukatoka, mwingine ukagoma. Akatazama majini akajiona ana madoadoa meupe, kichwa mpaka mkia.

Hapo ndipo alipolia kilio cha kweli, asimlilie mtu. Alikuwa ameyasikia maneno ya Mama Bata, na yalikuwa kweli.

Alipomaliza kulia alikwenda gengeni. Akapima chumvi kibaba kimoja, akaongeza juu, akaongeza tena, akaenda mpaka kwa Mzee Kobe.

"Hodi, mzee. Shikamoo. Nimekuletea chumvi uliyoifuata siku ile. Nilikukosea. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu," akasema Kobe. Akaonja chumvi, akafumba macho. "Nimekusamehe. Lakini kesho barazani nitasimama ninapotaka mimi."

"Simama tu, mzee. Sikuja kwa hilo."

"Basi nipishe mlangoni. Mkutano ni kesho, na mimi nimeshachelewa."

Siku ya nne wanyama wakakusanyika. Walipoona madoa ya Bi Kanga walicheka mpaka Nungunungu akamdunga Kima bila kukusudia. Mama Bata akasimama. "Kenge, duka lako zuri. Nyongeza je?"

"Nitamwuliza Kiboko," akasema Kenge.

"Na wewe, Bi Kanga?"

Bi Kanga akasogea katikati, vifaranga wote kumi na mmoja nyuma yake. "Jirani zangu, dagaa wangu walikuwa na mchanga, ni kweli. Nyongeza niliwanyima, ni kweli. Nilidhani njia panda ni yangu, kumbe ni nyinyi mnaopita. Naomba mniachie genge langu. Sina pengine pa kuwalishia hawa."

Hakulia safari hii. Ngiri akasema, "Haya, simameni."

Wakasimama. Mwenyekiti akahesabu upande wa mwamba, akahesabu upande wa kisima. Sawasawa! Akarudia, sawasawa! Akarudia mara ya tatu, na bado sawasawa. Ndipo wakaliona vumbi dogo barabarani, linakuja polepole. Alikuwa Mzee Kobe.

Bi Kanga akawavuta vifaranga wake karibu. Katika wote aliowakosea, huyu alimkosea zaidi.

Wakamsubiri afike. Wakamsubiri apumzike. Wakamsubiri amsalimie kila mmoja na kuuliza hali za nyumbani kwake. Kisha Kobe akasema, "Duka la Kiboko nalitaka. Mimi nazipenda kunde zilizochambuliwa."

Kenge akatoa ulimi kwa furaha.

"Lakini lijengwe ng'ambo ya kijito, kuna nafasi tele. Njia panda ina mwenyewe." Akaenda, taratibu, akasimama upande wa kisima. Halafu akageuza shingo. "Nawe Bi Kanga, sikia. Siku utakayoniambia tena niondoke jana, nitahamia ng'ambo kwa Kiboko. Safari itanichukua siku mbili, lakini nitafika."

Kenge akaondoka kwenda kumwuliza Kiboko kuhusu ng'ambo ya kijito, na kuhusu nyongeza. Kama amejibiwa, mimi sijasikia.

Bi Kanga akabaki na genge lake. Tangu siku hiyo anaamka kabla ya jua, dagaa anawapepeta, Kobe anapelekewa chumvi nyumbani. Jicho moja linatazama kibaba, la pili linatazama ng'ambo ya kijito. Na akitazama manyoya yake akaona yale madoa ya unga, haraka haraka anaanza kuimba:

Njooni, jirani, kibaba kinajaa,
Na nyongeza juu, msilale na njaa!

Haya, wanangu, mafunzo ni haya: ukiwa peke yako njiani usidhani njia ni yako. Anayemwambia jirani "kama hutaki, acha" ajue ipo siku jirani ataacha kweli. Na nyinyi wateja, mkiona kipya kinang'aa, kwanza ulizeni nyongeza.

Hadithi yangu nimewapimia, kibaba kimejaa. Anayeona kimepungua asinifuate mimi. Akaombe nyongeza kwa bibi yake.