Watoto wa Kidawa na Mize

Enzi ambazo hata jua letu lilikuwa halijazaliwa, juu kulikuwa na miji ya nyota, ile ambayo wasomi wa leo huiita galaksi. Kila mji ulishika njia yake, haukujua habari za jirani. Katika mmoja aliishi Kidawa, mkunga wa nyota. Mkunga, ndiyo, lakini wa kuzalisha nini? Mvuke, ambao ndio tumbo la nyota, ulitandazwa mwembamba mji mzima, maana mila yao ilikataza kuurundika. Miaka nenda miaka rudi, hapakuwa na uchungu wala kilio. Nyota kongwe zikawa zinafifia, na Kidawa akaanza kuona haya kuitwa mkunga. Alitamani mtoto mmoja tu, basi.

Siku moja mji mwingine ukaonekana ukija moja kwa moja. Kidawa akachanganyikiwa. Akimbie? Akimbilie wapi? Akadhani nyota zitagongana zivunjike, akaivunja mila: akaukusanya mvuke wote, akaurundika upande wa wageni uwe godoro. Hakujua kuwa kule ng'ambo mkunga mwenzake, Mize, naye kashikwa na hofu ileile na anafanya vilevile.

Miji ikaingiliana. Msiniulize ilikuwaje, lakini nyota hazikugusana hata moja. Zilipishana tu, kwani baina ya nyota na nyota nafasi ni kubwa mno. Magodoro ndiyo yaliyogongana. Mvuke ukabanwa na mvuke, ukashika moto, na nyota zikaanza kuzaliwa, kumi, mia, maelfu, za buluu, kali hata macho yanauma. Kidawa alipokea huku, akapokea kule, asijue aanze na yupi. Akacheka, akalia, mwenyewe hajui kwa nini.

Miji ilipoanza kuachana, kila mmoja ukiendelea na safari yake, wakunga wakakuta mvuke wao umechanganyika na watoto hawana alama.

"Mwenzangu, yupi wako?" Mize akauliza.

"Sijui," akasema Kidawa. "Na wewe hujui. Ukiondoka nao, utakuwa umenichukulia wangu."

Miji ikasita, ikageuka, ikarudi.

Na tangu siku hiyo, galaksi zikikaribiana, nyota huzaliwa kwa mkupuo. Na galaksi nyingi, zikishapitana, hurudi zikawa mji mmoja, kwa kuwa hakuna mama awezaye kuondoka ilhali hajui anamwacha nani.