Sare Mpya na Wazazi Walionyoosha Mikono

Isome hii mpaka mwisho, kisha mpelekee mzazi mwenzako. Huenda muda huu naye anakuna kichwa peke yake.

Katika kijiji kimoja huko Ugogoni aliishi mkulima aitwaye Ndahani. Hakuwa tajiri, wala hakuwa mtu wa kuombaomba. Alikuwa na mke, Madeje, watoto wawili waliosoma shule ya msingi ya kijiji, shamba la uwele na karanga, na punda jike mmoja mwenye nguvu. Punda huyo ndiye aliyebeba maji. Kisima kilikuwa mbali, nyuma ya kilima, na bila punda Madeje angelazimika kubeba ndoo kichwani kila siku, jua likimchoma.

Watu walimheshimu Ndahani kwa jambo moja: hakuna aliyewahi kumsikia akilia shida. Mwenyewe alijivunia sifa hiyo kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Shule ilipokaribia kufungwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka, mwalimu mkuu aliita mkutano wa wazazi. Aliitwa Mwalimu Chiwanga, mtu mpole, mwembamba, mwenye miwani. Alisimama mbele ya wazazi akasema:

"Ndugu wazazi, shule za jirani zimebadilisha sare. Watoto wao wanavaa mashati ya drafti na sweta za rangi ya damu ya mzee zenye nembo ya shule. Napendekeza na sisi tuachane na hizi nguo za bluu, tuvae kama wenzetu. Fundi yuko mjini, na nguo zote zitatoka kwake. Naomba maoni yenu."

Ndahani alipiga hesabu kichwani. Mashati, sweta, kaptula, sketi, nauli ya kwenda mjini na kurudi, na yote hayo mara mbili. Wiki hiyohiyo Madeje alikuwa ameshusha pindo la sketi ya binti yao Nyemo ili imfae mwaka mwingine, na alifurahi kama mtu aliyenunua mpya. Sasa mkewe, aliyekaa upande wa wanawake, alikuwa akimkazia macho. Macho yale yalisema: simama, useme.

Ndahani alifungua mdomo. Lakini kabla hajatoa neno, aliinuka Mzee Chidosa, mwenyekiti wa kamati ya shule. Huyu ndiye aliyekuwa na mashine ya kusaga nafaka, na kijiji kizima kilimhesabu kuwa mwenye uwezo kuliko wote.

"Sisi si maskini!" alisema kwa sauti kubwa. "Watoto wetu wachekwe mpaka lini? Mimi naunga mkono!"

Watu wakapiga makofi.

"Kuna anayepinga?" Mwalimu Chiwanga aliuliza. Alisubiri. Akapitisha macho kwa mmoja mmoja, kama anayemtafuta mtu. Hakuna aliyejibu.

"Basi wanaokubali wanyooshe mikono."

Mkono mmoja ukapanda, ukafuata mwingine, na mwingine. Ndahani akatazama kulia, akatazama kushoto. Mikono ilikuwa juu kila upande. Akanyoosha na wake.

"Haya," mwalimu mkuu alisema, sauti ikiwa chini kuliko mwanzo. "Shule ikifunguliwa, asiye na sare mpya atarudishwa nyumbani."

Walipofika nyumbani Madeje akaweka kanga yake kwenye kigoda, akamgeukia mumewe.

"Baba Nyemo, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Watu wote wamekubali. Ningeonekana mimi peke yangu ndiye fukara wa kijiji hiki."

"Kwani hizo fedha tunazo?"

"Hatuna. Lakini hilo ni la humu ndani, si la mkutanoni."

Madeje akaingia jikoni.

Tangu siku ile chakula kilimshinda Ndahani. Akikaa kula, anamega matonge mawili, anasema ameshiba. Msimu wa kilimo ulikuwa umeanza na ghalani kilikuwa kimebaki chakula cha nyumbani tu, kwa hiyo hapakuwa na mazao ya kuuza. Mbuzi wake wa mwisho alikuwa amemuuza wakati mama yake alipougua. Kila alipofikiri, alirudi palepale: kilichobaki ni punda.

Alipomwambia mkewe, Madeje alijibu kwa utulivu uliomuumiza kuliko kelele.

"Muuze. Shingo ninayo. Nitabeba maji mimi."

Karibu na kijiji chao palikuwa na mnada, lakini Ndahani hakuutaka. Aliogopa watu watamwona na kuanza kuuliza. Akachagua mnada wa mbali, ambako hakuna aliyemjua. Alitoka alfajiri akimswaga punda wake, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, na jua likawa kali kabla hajafika.

Mnada ulikuwa umechangamka. Ng'ombe walikuwa wakilia, wauza mitumba wakiita wateja, moshi wa nyama choma ukitanda kila mahali. Haukupita muda dalali akamjia, akamshika punda meno, akampapasa miguu, akataja bei. Ilikuwa bei ya haki. Mnunuzi alikuwa mfyatua tofali, na alitaka punda wa kubeba mizigo kutwa nzima.

"Tumemaliza?" dalali aliuliza.

"Subiri kidogo," Ndahani alisema. Hakujua anasubiri nini. Alisogea kando, akaingia kwenye moshi wa nyama choma asionekane, akamvuta punda nyuma yake.

Ndani ya moshi ule akagongana na mtu aliyekuwa naye amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mtu huyo alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe. Wakatazamana. Alikuwa Mzee Chidosa.

"Shikamoo, Mzee," Ndahani alisema.

"Marahaba. Vipi, Ndahani, umekuja huku?"

"Nimekuja kutembea tu, Mzee."

"Na punda?"

"Naye anatembea."

Mzee Chidosa alikohoa. Ndahani akamtazama ng'ombe. Alimfahamu vizuri, maana ndiye ng'ombe pekee wa maziwa aliyebaki kwenye zizi la mzee.

"Huyu nimemleta aone wenzake," Mzee Chidosa alisema, na hapohapo akaona aibu ya maneno yake mwenyewe.

Mara ikasikika sauti ya mwanamke nyuma yao.

"Jamani! Kumbe mkutano umehamia huku!"

Alikuwa Mama Sechelela, mjane aliyefuga kuku mwisho wa kijiji, amejitwisha godoro lake mwenyewe lililofungwa kwa kamba. Aliwatazama, akaona ng'ombe, akaona punda, akaelewa. Akatua godoro chini, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

Wanaume wale wawili hawakucheka.

"Ni sare?" aliuliza, akijifuta machozi.

Ndahani akaitikia kwa kichwa. Mzee Chidosa akatazama chini.

"Mashine yangu haisagi tangu mvua za mwaka jana," alisema polepole. "Injini imekufa. Naifungua milango kila asubuhi watu wasijue. Nina wajukuu sita pale shuleni."

"Sasa mbona siku ile ulipiga kelele vile, Mzee?" Ndahani aliuliza.

"Nilidhani nyote mnaitaka ile sare. Mwenyekiti akikataa, si mtasema ni bahili?"

Mama Sechelela akasema lile walilokuwa wakiliwaza wote. "Si turudi tuseme?"

Mzee Chidosa akatikisa kichwa. "Mambo yamekwisha pita. Tena nawaomba, tuliyoyaona hapa yaishie hapa." Akaivuta kamba ya ng'ombe wake, akapotelea kwenye umati.

Dalali akarudi kwa Ndahani. "Mzee, mteja anaondoka. Nampa au simpi?"

Ndahani alimtazama yule mfyatua tofali, akamtazama punda. Akamkumbuka Madeje akisema shingo anayo. Ilikuwa rahisi auze, anyamaze, na sifa yake ibaki vilevile. Kilichomshinda ni kwamba sifa hiyo sasa ingebebwa na shingo ya mkewe.

"Simuuzi," alisema.

"Bei ndogo?"

"Bei nzuri. Simuuzi tu."

Alirudi nyumbani na punda wake, bila fedha, bila sare.

Kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu mkuu aliita mkutano wa mwisho ili majina na vipimo vya watoto vipelekwe kwa fundi. Wazazi wakakaa kama kawaida. Mzee Chidosa alikaa mbele, kimya. Mwalimu Chiwanga akauliza nani aanze.

Ndahani akasimama.

"Mimi nina watoto wawili hapa," alisema. "Sare mpya siwezi kuwanunulia. Siku ile niliponyoosha mkono nilidanganya. Niliona aibu."

Nyuma kabisa mtu akacheka kwa pua. Ndahani akaendelea.

"Shule ikifunguliwa wanangu watakuja na nguo za bluu, safi, zimefuliwa. Wakirudishwa, nitarudi nao mimi mwenyewe mpaka hapa mlangoni, na nitakaa nao."

Akabaki amesimama. Watu walimgeukia mwenyekiti, wakingoja amkemee. Mzee Chidosa akainuka taratibu, akiegemea fimbo yake.

"Ndahani amenitia aibu," alisema.

Ndahani akafumba macho.

"Amenitia aibu kwa sababu neno hili lilipaswa kutoka kwangu. Mimi ndiye niliyewaambia sisi si maskini. Nimeuza ng'ombe wangu wa maziwa, na bado sare za wajukuu hazijatimia. Siwezi."

"Na mimi siwezi!" Mama Sechelela alidakia. "Nalala kwenye mkeka!"

Hapo ni kama mlango umefunguliwa. Mzazi mmoja akasema aliweka shamba rehani. Mwingine akasema alikuwa amepanga kumwachisha mtoto wa pili shule ili wa kwanza avae. Hata yule aliyecheka kwa pua akasimama na kukiri kwamba hakuwa na hata fedha ya soksi. Ikaonekana kwamba katika watu wote walionyoosha mikono siku ile, hakuna hata mmoja aliyekuwa na uwezo.

Walipomaliza kusema, wakamgeukia mwalimu mkuu. Mwalimu Chiwanga alikuwa amekaa. Amevua miwani, na mabega yake yanatikisika. Walidhani analia. Kumbe anacheka.

"Ndugu zangu," alisema, "kuna aliyeniona na baiskeli wiki hii?"

Hakuna aliyekuwa amemwona nayo.

"Nimeiuza. Nina watoto wanne katika shule hii, na mshahara mnaujua. Nilileta lile pendekezo kwa sababu niliogopa kuitwa mwalimu asiyetaka maendeleo. Nilikuwa na hakika mtalikataa. Siku ile niliwatazama mmoja mmoja, nikingoja mtu mmoja tu aseme hapana. Hamkusema. Mkanipigia makofi!"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Walicheka mpaka watoto waliokuwa wakicheza uwanjani wakaja kuchungulia madirishani, kuona wazazi wao wamepatwa na nini.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Walikubaliana nguo za bluu zibaki, na mzazi ashonewe na fundi yeyote anayemtaka, hata kwa mkono. Wanaomaliza darasa la saba watawaachia nguo zao wadogo ambao zitawatosha. Na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya kitambaa. Aliyekuwa ameweka shamba rehani alipewa na aliyemkopesha muda wa kulikomboa. Baiskeli ya mwalimu mkuu haikupatikana tena. Muhula uliofuata alikuja shuleni kwa miguu, na alisema kwamba safari ilikuwa fupi kuliko alivyodhani. Mzee Chidosa naye aliacha kufungua milango ya mashine isiyosaga. Alipowaambia watu injini imekufa, alijitokeza kijana wa kijiji cha pili aliyewahi kufanya kazi gereji, akaja kuitazama.

Jioni ya mkutano ule Ndahani na Madeje walirudi nyumbani pamoja, wakitembea polepole.

"Unajisikiaje, Baba Nyemo?" Madeje aliuliza.

"Nasikia njaa," Ndahani alisema.

Madeje akacheka. Alisonga ugali wa uwele, akapika mboga ya mlenda yenye karanga. Ndahani akala, akaongezewa, akala tena, akafuta sahani kwa kidole. Kisha akaegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu, na usingizi ukamchukua palepale alipokaa, kabla hata hajanawa mikono.

Funzo: Aibu ya kusema "sina" huwafanya watu wengi wabebe, kila mmoja peke yake, mzigo ambao ni wa wote. Sema ukweli wako mapema. Huenda kila aliyeketi karibu nawe anangoja mtu mmoja tu aanze.