Hati Elfu Tatu za Ilomelo

Hapo zamani, si zile za majini bali za kompyuta zenye kisogo kikubwa, tume ya ardhi ilitoa amri katika kijiji cha Ilomelo: hati zote za mashamba ziletwe kwa mpangilio mpya kabla ya Ijumaa. Shamba ambalo hati yake haitafika, litaenda kwa tajiri mmoja wa mjini aliyekuwa akiyamezea mate mashamba hayo.

Hati zilikuwa elfu tatu. Siku zilikuwa nne.

Nyamizi, karani wa kijiji, aliishiwa nguvu. Alijua kila neno likae wapi, lakini mikono yake ilikuwa miwili tu.

Akaja mdogo wake Shija, fundi wa kompyuta, na programu aliyoitunga mwenyewe. "Dada, panga hati moja tu. Hii itakutazama, iandike kanuni, kisha ipange zilizobaki."

Nyamizi akapanga. Jina la mwenye shamba akalipandisha juu, mipaka akaitia kwenye jedwali, saini akaishusha chini. Programu ikaandika kanuni. Hati zikajipanga: mia, mia tano, elfu! Nyamizi akapiga vigelegele.

Bi Ng'washi, mjane aliyefagia ofisi ile, akaichungulia hati yake. "Mwanangu, mbona shamba langu limeandikwa la marehemu mume wangu?"

Nyamizi akashika kichwa. Programu ilidhani jina la kwanza kwenye hati ndilo la mwenye shamba siku zote.

Bi Ng'washi hakulia. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akarudi na hati za wajane, za yatima, za ndugu wanaolima pamoja. Nyamizi akapanga moja ya kila aina; programu ikatazama, ikarekebisha kanuni zake, ikazipanga upya zilizokosewa. Alhamisi jioni zote elfu tatu zilikuwa tayari, na Ijumaa tume ikazipokea. Tajiri akaondoka mikono mitupu. Ilomelo ikacheza ngoma hadi vumbi likapanda!

Wanakijiji wakaleta zawadi: mtamba mmoja wa ng'ombe, mwenye mimba.

Shija akasema, "Bila programu yangu, mngekuwa bado kwenye hati ya hamsini."

Nyamizi akasema, "Bila mkono wangu, ingejifunza kwa nani?"

Bi Ng'washi akasema, "Bila macho yangu, mngetunyang'anya mashamba ninyi wenyewe, tena kwa haraka."

Haya, mlioketi hapa: kamba ya mtamba yule, nani alistahili kukabidhiwa?