Machozi ya Mizabibu ya Sechelela

"Mzabibu hulia, ndipo uchekeshe." Hayo ndiyo niliyomwambia bibi harusi leo asubuhi alipokuwa akilia, nanyi wasichana mkataka kujua yametoka wapi. Basi epueni hiyo sufuria kwanza, mnisikilize. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa Dodoma, katika shamba la babu yangu mzaa baba, Mzee Mahinyila, na aliyeyasababisha ni mkwewe, mama yangu, Sechelela.

Siku hizo misheni ilikuwa na padre Mfaransa, Padre Anselmi, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa. Kwao walilima zabibu tangu enzi za mababu. Alimwambia mama kwamba Wafaransa huita mvinyo wao kwa jina la mahali ulikotoka, lakini nyuma ya kila jina kuna aina yake ya zabibu. "Ukisikia Vouvray, mwanangu, hiyo ni zabibu ya Chenin. Ukisikia Hermitage nyekundu, hiyo ni Syrah. Watu husifu kijiji, kazi kaifanya mzabibu." Kisha akampa mama vipandikizi mia mbili vya Chenin.

Babu alikubali kung'oa uwele katika nusu ya shamba lake ili miche ipandwe. Lilikuwa jambo zito. Majirani walimcheka: mtu mzima anaacha ugali, analima kamba! Kwa miaka miwili mama alibeba maji kwa punda mpaka yule punda akawa anajua njia peke yake. Mizabibu ikatambaa juu ya waya, ikapendeza.

Mwaka wa tatu, mvua zilipokwisha, Padre alimpa mama mkasi wa kupogolea, akamwonyesha kwenye mzabibu mmoja jinsi ya kukata: matawi yote yaondoke, yabaki macho mawili matatu tu ya kuchipulia. Kesho yake akasafiri kwenda Tabora kwa miezi miwili.

Mama alikata siku nzima. Asubuhi ya pili alipofika shambani, alisimama kama aliyepigwa. Kila mahali alipokata palikuwa panadondoka maji. Tone, tone, tone, safu nzima, mpaka udongo chini ukalowa. Mizabibu ilikuwa inalia.

Babu alikuja, akashika tawi, maji yakamchuruzikia mkononi.

"Umeichinja," alisema.

"Baba, Padre ndiye aliyenionyesha."

"Padre yuko wapi? Mimi niling'oa chakula kwa ajili ya hivi vijiti! Weka huo mkasi chini. Safu zilizobaki asiziguse mtu."

Mama aliketi kati ya mizabibu, naye akalia. Alilia kwa aibu na kwa uchovu wa miaka miwili ya kubeba maji. Kisha tone moja likamwangukia mdomoni. Akalionja. Halikuwa chungu, halikunuka. Lilikuwa maji safi kabisa. Alikuwa ameuguza ng'ombe wengi, akajua kinachooza hakitoi maji ya namna hiyo. Akainuka, akamfuata babu.

"Baba, kitu kinachokufa hukauka. Hii ina maji mengi kuliko mimi na wewe. Nakuomba safu tano tu. Zikifa, nitapanda uwele humo kwa mikono yangu mwenyewe."

Babu hakuwa mtu mkorofi, alikuwa ameogopa. "Tano," alisema. "Basi."

Mama akapogoa zile tano, nazo zikalia kama zile za kwanza. Baada ya siku chache machozi yakakoma, macho yakavimba, yakapasuka, yakatoa majani madogo ya kijani kibichi. Safu za babu ambazo hazikuguswa zilikuwa zimejaa majani hata huoni waya. Babu akawa anapita akijisifu, "Shamba ni hili! Lile lenu limenyolewa."

Mwezi wa nane ukafika. Katika safu za mama vilining'inia vichala vizito, vya rangi ya asali, hata nguzo zikaanza kuinama. Babu akaingia katika safu zake, akafunua majani, akafunua tena. Alitoka na kichala kimoja, punje saba. Alizihesabu kwa sauti. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea nguzo.

"Mkwe wangu," alisema, "mbuzi wangu watakula vizuri mwaka huu. Watu watakula kwako. Niletee huo mkasi unifundishe."

Padre, aliyekwisha kurudi kutoka Tabora, alizikamua zabibu hizo, na Krismasi mvinyo ukafunguliwa. Padre Anselmi alionja, akafumba macho, akasema, "Ni Chenin, lakini imeshajifunza Kigogo chenu!" Ngoma zikapigwa, wanawake wakapiga vigelegele, na wale majirani waliocheka walikuja na vikombe vyao wenyewe. Mama aliyekuwa ameitwa mchinjaji alichezeshwa mpaka viatu vikamtoka.

Ndipo babu aliposimama, kikombe mkononi, akaomba watu wanyamaze. Alisema aliyaona machozi akadhani ni kifo, kumbe mti ulikuwa unajiandaa. Kisha akamgeukia mama, akainua kikombe juu, akasema kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia:

"Mzabibu hulia, ndipo uchekeshe!"